Nikate au nifuge? Majibu ya msusi wa Tandika

Saluni yetu ni fremu moja iliyogawanywa kwa ubao. Mbele mdogo wangu ananyoa, nyuma mimi nasuka. Ndiyo maana swali hili linanifikia kutoka pande zote mbili. Aliyechoka na nywele zake anachungulia upande wa mashine huku kichwa kikiwa nusu kimefumuliwa, na aliyenyoa juzi anapita nyuma kuniuliza, "Dada, hizi zitashika lini?"

Nijibu kwanza, maelezo yafuate. Nywele fupi hazina kazi nyumbani, ila kila baada ya wiki chache zinakudai urudi kwa kinyozi. Ndefu ukishazisuka unaweza kuzisahau kwa wiki kadhaa, lakini siku ya kuziosha ndiyo siku yenyewe, usipange safari. Na zinazosumbua kuliko zote si fupi wala ndefu, ni zile za katikati ambazo hazishiki msuko na haziwezi kuachwa zilivyo. Nazungumzia hasa nywele zetu za kipilipili. Mwenye nywele za singa ana habari nyingine: mafuta ya kichwani kwake huteremka mpaka nchani, kwa hiyo huosha mara nyingi zaidi na kupaka mafuta kidogo sana. Sisi mafuta ya kichwani yanakwama kwenye mizunguko ya unywele, shina linalainika na ncha inabaki kavu.

Kabla hujakalia kiti

Anza na maji. Huku kwetu nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima, na mengi yana chumvi. Shampuu haitoi povu vizuri na nywele zikikauka zinakuwa ngumu kama katani. Mwenye kichwa kifupi hahangaiki, kopo mbili tatu amemaliza. Mwenye nywele za mabegani anahitaji ndoo mbili au zaidi, na ile ya mwisho ya kusuuzia ni bora iwe ya bomba au ya mvua. Kama maji unanunua kwa dumu, weka hilo kwenye hesabu zako.

Halafu tazama kazi yako. Mama lishe anayeshinda kwenye moshi na mafuta ya chapati, nywele zake zinashika harufu. Akifuga, kilemba ni lazima kazini. Anayepanda bodaboda kila siku anavaa kofia ngumu iliyovaliwa na abiria kumi kabla yake, basi avae kitambaa chepesi ndani, awe na nywele ndefu au kipara. Anayejistiri kwa ushungi ana nafuu ya vumbi na jua, ila asifunike nywele mbichi. Nywele zikilala na maji chini ya ushungi kutwa nzima, kichwa kinawasha, mba unashamiri, na harufu yake hata ukifukiza udi haiondoki.

La tatu: nani atakusuka? Hili watu hawalihesabu. Mwenye dada, wifi au jirani anayejua kusuka, nywele ndefu kwake ni raha. Anayetegemea saluni kwa kila kitu ajiandae.

Hesabu ya pesa

Kwa bei za mtaani kwetu, mwanamke anayenyoa na kuchongwa pembeni analipa shilingi 5,000. Akitaka kichwa kionekane kimetoka kwa kinyozi wakati wote, atarudi kila baada ya wiki mbili, yaani mara 26 kwa mwaka: 130,000. Anayesuka rasta za 35,000 pamoja na nywele za kuongezea, akakaa nazo wiki sita, atasuka mara nane au tisa. Hiyo ni karibu laki tatu, na kufumua na kuosha bado. Hapo fupi imeshinda.

Sasa mchukue wa tatu. Yeye anasuka twende kilioni kwa nywele zake mwenyewe, hakuna cha kuongezea, 5,000 kila baada ya wiki mbili. Analipa 130,000, sawasawa na yule aliyenyoa. Wa nne anasukwa na dada yake barazani Jumapili na hatoi hata mia. Kinachokula pesa ni rasta za dukani. Urefu wako mwenyewe hauna gharama hiyo, na wanawake wengi wanaokuja kukata "kwa sababu nywele ni gharama" wangeacha tu kununua rasta.

Ukiamua kukata

Usimwambie kinyozi "punguza kidogo". Kidogo yako siyo yake. Taja namba ya kitana cha mashine. Namba moja inaacha nywele za milimita 3, mbili milimita 6, nne karibu milimita 13. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, za kwetu mara nyingi pungufu kidogo. Ndani ya wiki mbili zimeongezeka milimita nne hivi. Aliyenyoa namba moja, nywele zake zimeshazidi mara mbili na umbo limepotea. Aliyenyoa namba nne, hakuna anayeona tofauti, labda kwenye masikio na kisogoni. Kwa hiyo kama sababu yako ya kukata ni uvivu, namba tatu au nne ndiyo yako, na katikati ya mwezi unaenda kusafishwa pembeni tu.

Mstari wa mbele nao useme mapema. Vinyozi wengi wanapenda kuuchonga unyooke, na kila wakichonga wanaurudisha nyuma kidogo. Mwambie afuate nywele zilipoanzia, asitafute unyoofu.

Kisogo ndicho kinachotesa watu, wanaume zaidi. Unywele wa kipilipili ukikatwa chini kabisa, ncha yake inapoota inajipinda na kuingia tena kwenye ngozi. Ndiyo vile vipele. Dawa ya kwanza ni kutokata mpaka chini: hakuna wembe, hakuna kukwangua, mashine iache angalau milimita moja au mbili. Usivitumbue. Usivae kola ngumu inayosugua pale. Shabu ya kupaka baada ya kunyoa inapunguza mwasho kwa baadhi ya watu, lakini haiwezi kufanya chochote kwa vipele vilivyokwisha kuwa vinundu vigumu. Hivyo ni vya daktari wa ngozi, na ukichelewa vinaacha makovu yasiyoota nywele.

Usafi wa mashine uangalie kwa macho yako. Mdogo wangu anaanza kwa kuondoa vinywele vyote kwenye meno kwa brashi, ndipo anapaka spiriti na kuiacha ikauke. Kinyozi anayenyunyiza spiriti juu ya nywele za mteja aliyetoka hajasafisha kitu, amelowesha uchafu. Ukiweza kununua mashine yako, au hata meno yako tu ukatembea nayo, utaepuka mapunye na pia maradhi yanayopita kwenye damu pale mashine inapokwaruza.

Nyumbani kazi ni ndogo kweli. Osha mara mbili kwa wiki, zaidi kama unatoka jasho jingi. Usitumie sabuni ya kipande ya kufulia, inakausha ngozi ya kichwa mpaka inabanduka magamba na wewe ukadhani ni mba. Tone chache za mafuta viganjani, pitisha, brashi laini, umemaliza. Mwenye ualbino au kichwa kisicho na nywele kabisa asitoke bila kofia; ngozi ya utosini inaungua na jua kama ya usoni.

Ukiamua kufuga: siku ya kuosha

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nywele zinapoharibika. Watu wanasema nywele zao "hazikui". Zinakua. Zinakatika nchani kwa mwendo uleule zinaootea shinani, kwa hiyo unaona zimesimama palepale. Ncha ya unywele wa sentimita 24 ina umri wa miaka miwili na zaidi. Imekwisha kusuguliwa na mito, vilemba, kola na vitana kwa muda wote huo. Si ajabu imechoka.

Kufumua kwanza, kabla ya maji. Ukifumua nusu ukalowesha, vumbi na mafuta yaliyojikusanya pale msuko ulipoanzia yanageuka gundi na kufunga fundo ambalo litaondoka na mkasi. Fumua mpaka mwisho, halafu shika kila kipande kwa vidole uvute taratibu ule uchafu wa shinani utoke ungali mkavu.

Utaona nywele nyingi zimetoka. Kila ninapofumua mtu kuna makelele. "Dada naota upara!" Tulia. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku. Ukiwa umesuka, zilizotoka hazina pa kuangukia, zinakaa mle mle ndani ya msuko. Wiki sita ni siku 42. Hata kwa 50 tu kwa siku, umekusanya nywele 2,100, na zinatoka zote saa moja. Ukitaka kujua kama ni za kawaida, chukua chache uziweke juu ya kitambaa cheusi. Iliyotoka yenyewe ina kipunje cheupe mwisho mmoja. Isiyo na kipunje pande zote imekatika katikati, na zikiwa hizo ndizo nyingi, una tatizo la ukavu au la kuchana vibaya.

Sasa gawa kichwa mafungu manne, fungu lenye nywele nyingi ligawe tena. Paka mafuta ya nazi, anzia nchani kupanda juu, uache yakae nusu saa au hata usiku kucha. Mafuta ya nazi yanaingia ndani ya unywele na kuupunguzia kuvimba kwa maji, ndiyo sababu napaka kabla ya kuosha na si baada tu. Ya nyonyo ni mazito, hayo yasubiri mwishoni.

Shampuu ni ya ngozi ya kichwa. Changanya na maji kidogo, mimina kwenye mistari, sugua kwa ncha za vidole na si kucha. Povu linaloteremka linatosha kusafisha nywele zenyewe. Usizikusanye zote utosini ukazifikicha kama nguo. Hapo unasuka fundo kwa mikono yako.

Kondishena paka ya kutosha, usiifanyie ubahili. Ndipo uchambue: vidole kwanza, kisha chanuo la meno mapana, na kila fungu unaanzia nchani. Shika unywele juu ya pale unapochana ili shina lisivutwe. Ncha ikipita, panda sentimita chache. Ikipita, panda tena. Ukianzia shinani unasukuma mafundo yote kwenda chini mpaka yanakuwa fundo moja, halafu unalilaumu chanuo. Fungu lililokwisha lipindishe uliweke pembeni.

Suuza fungu kwa fungu. Kamua kwa tisheti kuukuu ya pamba, taulo linakwaruza. Nywele zikiwa zingali na unyevu, paka kondishena ya kuacha au maji maji yoyote ya nywele unayoyaamini, halafu funga na mafuta kidogo, ya nyonyo au ya mgando ukipenda, nchani zaidi. Mafuta hayaleti maji, yanazuia yaliyomo yasitoke. Anayepaka mafuta kwenye nywele kavu kila asubuhi na bado analalamika ukavu, hapo ndipo anapokosea.

Kuzinyoosha bila moto, suka uzi. Bibi zetu walizinyoosha hivyo na hakuna draya lililowahi kuwazidi. Chukua uzi mweusi wa pamba, zungushia kila kipande kutoka shinani mpaka nchani bila kukaza, lala nao. Asubuhi nywele za sentimita 20 ambazo zikijikunja huonekana chini ya 10 zinakuwa zimelala ndefu, tayari kusukwa. Mabutu nayo yanafaa kama huna mtu wa kukufungia uzi.

Zikauke kabla ya usiku. Ukilala, funga kitambaa cha satini. Kanga tunazipenda, lakini pamba inanyonya mafuta yote uliyopaka mchana.

Msuko usikutoe machozi

Wateja wengine wananiambia "kaza dada, zikae". Sikazi. Msuko uliokazwa haukai zaidi, unavuta tu nywele za paji na za pembeni mwa masikio, ambazo ndizo laini kuliko zote. Dalili ziko wazi: macho yamevutwa, vipele vidogo vyeupe kwenye mistari ya mbele, huwezi kulala ubavu, umetafuta Panadol. Fumua za mbele usiku uleule, pesa au si pesa. Zikivutwa mwaka hata mwaka, shina linakufa na paji linabaki wazi, na hapo hakuna mafuta yatakayolirudisha.

Wiki sita zinatosha, nane ni mwisho. Ukifumua, pumzisha kichwa wiki moja mbili kabla ya kusuka tena, au suka mabutu makubwa tu.

Kuhusu dawa ya kulainisha: wengi wanaiweka wakidhani nywele ndefu zitakuwa nyepesi kutunza. Kuchana kunakuwa rahisi, ni kweli. Lakini kila baada ya wiki nane au kumi zinaota mpya za kipilipili chini ya zile zilizolainika, na pale zinapokutana ndipo zinapokatika. Ukiamua, usioshe wala kukuna kichwa siku mbili tatu kabla, paka mafuta ya mgando kuzunguka paji na masikio, dawa iguse zilizoota tu, na ikianza kuunguza isemwe hapo hapo. Kusikia moto si ishara kwamba dawa inashika. Na usiiweke siku uliyofumua.

Dredi ndizo nywele ndefu za mtu asiyetaka kuchana maisha yake yote. Kinachoziharibu sana ni kuoza kwa unyevu ndani. Ziosheni asubuhi, mkae juani.

Miezi ya katikati

Uliyenyoa ukaanza kufuga, jua kwamba kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa nane hivi utatamani kurudi kwa kinyozi kila Ijumaa. Nywele zina sentimita tatu nne, zikijikunja zinaonekana moja. Juu zimechomoza, kisogoni hazijafika. Fanya hivi: nenda kwa kinyozi, lakini apunguze kisogo na pembeni tu, juu asiguse, ili umbo liwe afro na si uyoga. Usifunge rasta nzito kwenye nywele za sentimita mbili, zitang'oka na shina. Zikifika sentimita tano sita, vitwisti vidogo vinashika. Vilemba vitumie bila aibu, na hereni kubwa zinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kundi jingine linalokuja kwa haraka ya kukata ni waliojifungua. Mwezi wa tatu hivi baada ya uzazi nywele zinaanza kutoka kwa mashada, hasa mbele. Wakati wa ujauzito nywele nyingi zilikuwa zimesimama bila kutoka, sasa zinatoka kwa pamoja. Kwa wengi zinarudi hali yake kabla mtoto hajatimiza mwaka au karibu na hapo. Kata kama unataka kupumzika na mtoto mikononi, hiyo ni sababu nzuri tu. Kata kwa hofu ya kubaki na upara, hapana. Zikiendelea kutoka baada ya mwaka, kapimwe, upungufu wa damu nao hutoa nywele.

Watoto

Shule nyingi za serikali zinataka hata mtoto wa kike awe amenyoa, kwa hiyo kwa wengi wetu uamuzi huo haupo mpaka amalize. Mama anaponiuliza amsuke binti likizo, namwambia asuke mistari mikubwa, bila rasta, afumue kabla ya siku ya kufungua ili kichwa kipumue.

Kunyoa nako kuna adha yake, mapunye. Ukiona duara lenye magamba meupe na nywele zilizokatika karibu na ngozi, acha kumpeleka kwa kinyozi na acha kumpaka mafuta ya taa, tafadhali. Mapunye ni fangasi walioingia mpaka kwenye shina la unywele, dawa ya kupaka peke yake haifiki huko. Mpeleke hospitali apewe dawa ya kumeza, na aimalize yote hata kama duara limefifia wiki ya pili. Wadogo zake wakaguliwe siku hiyo hiyo, kila mmoja awe na chanuo lake, na foronya zifuliwe kwa maji ya moto.